Ombi Kongwe Linamsubiri Nani? Kufuatilia Maombi Yaliyo Njiani katika Hifadhi ya Ceph

Swali: Ninasimamia hifadhi ya Ceph yenye seva 12 na diski 144, na kila kitu kinatunzwa katika nakala tatu. Mara kadhaa kwa siku watumiaji wa mashine pepe wanalalamika kwamba kazi zao zinaganda kwa muda wa karibu nusu dakika, kisha zinaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nikitazama dashibodi, afya ya klasta ni nzuri na wastani wa muda wa kuandika ni milisekunde 6 hivi. Je, kuna mahali pamoja ambapo ninaweza kuona maombi yote yanayoshughulikiwa kwa wakati huohuo, na nitajuaje ombi limekwama wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na sehemu ya swali lako yenye jibu fupi. Mahali pamoja pa kuonea maombi yote hapapo, na hilo halikutokana na usahaulifu wa waundaji. Ceph, programu ya kuhifadhi data kwa kuitawanya kwenye seva nyingi, iliyozaliwa kutokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz na kuwasilishwa katika mkutano wa OSDI wa mwaka 2006, ilijengwa makusudi ili kuuondoa ule mlango mmoja ambao kila mtu analazimika kuupitia. Mteja anayetaka kuandika hamwulizi yeyote kitu chake kikae wapi: hupewa ramani ya klasta (yaani seva zote kwa pamoja), hupiga mwenyewe hesabu ya CRUSH inayoonyesha mahali pa kila kitu, kisha huenda moja kwa moja kwa OSD inayohusika, yaani programu inayosimamia diski moja. Kwa kuwa hakuna bawabu, hakuna pia daftari la bawabu. Kila OSD inayajua maombi yaliyobisha hodi kwake tu, na kila mteja anayajua aliyoyatuma yeye tu. Wewe una diski 144, kwa hiyo una madaftari 144, na ukiongeza ya wateja yanazidi hapo. Kazi yako ni kujua ni daftari lipi la kulifungua kwanza.

Kabla ya kuyafungua, ni lazima tuelewane kuhusu grafu zako, maana usipoelewa kwa nini zinakutuliza, utaendelea kuziamini. Wastani wa muda wa kuandika hukokotolewa kutokana na maombi yaliyokamilika. OSD ina vihesabu viwili, kimoja cha idadi ya maombi yaliyomalizika na kingine cha jumla ya muda yaliyotumia, na grafu hugawanya nyongeza ya kimoja kwa nyongeza ya kingine. Ombi lililokwama halijakamilika, kwa hiyo halimo katika kihesabu chochote kati ya hivyo. Kwa sekunde zote 30 ambazo mtumiaji wako anatazama skrini iliyoganda, ombi lake halichangii hata milisekunde moja katika wastani unaoutazama wewe.

Hata linapokamilika, sauti yake humezwa. Tuchukulie kwamba klasta yako inapokea maandiko, yaani maombi ya kuandika, 6,000 kwa sekunde, kila moja likichukua milisekunde 6. Katika dakika moja hayo ni maombi 360,000, yenye jumla ya sekunde 2,160 za kusubiri. Sasa ongeza maombi 40 yaliyokwama, kila moja kwa sekunde 30: hizo ni sekunde 1,200 zaidi, na wastani wa dakika hiyo unapanda hadi milisekunde 9 na kidogo. Hakuna msimamizi atakayeamshwa usiku kwa sababu ya milisekunde 9. Kuna pia jambo jingine la kupotosha: mashine pepe zilizoganda huacha kutuma maombi mapya, kwa hiyo grafu ya kasi inashuka kidogo, na anayeitazama hudhani kwamba watu wamekwenda kunywa chai.

Kwa hiyo kitu cha kufuatilia ni umri wa ombi kongwe zaidi ambalo bado liko njiani, pamoja na jina la yule linayemsubiri. Mengine yote, hata idadi ya maombi, yanakuja baadaye.

Sasa tufungue madaftari. Kwa kawaida njia huanzia kwenye `ceph health detail`, ambayo hutoa onyo la SLOW_OPS na kuzitaja OSD zenye maombi yaliyochelewa. Wewe huoni onyo hilo, na sababu yake ni nyepesi: OSD hailalamiki mpaka ombi lifikishe umri uliowekwa katika `osd_op_complaint_time`, ambao usipoubadilisha ni sekunde 30. Watumiaji wako wanakwama kwa karibu nusu dakika. Maombi yao yanafika mlangoni pa lalamiko, kisha yanakamilika kabla ya kubisha hodi. Ningeshusha kiwango hicho leo hii kwa amri ya `ceph config set osd osd_op_complaint_time 5`. Katika hifadhi inayotumikia mashine pepe, sekunde 30 ni muda mrefu mno wa kukaa kimya, na sijawahi kuona klasta yenye afya ambayo sekunde 5 ziliijaza maonyo ya bure, isipokuwa wakati wa kuhamisha data nyingi.

Habari njema ni kwamba hata bila lalamiko, OSD hukumbuka. Ukiwa kwenye seva yenye OSD namba 12, amri ya `ceph daemon osd.12 dump_ops_in_flight` hukuonyesha yaliyo njiani sasa hivi, nayo `ceph daemon osd.12 dump_historic_ops` hukuonyesha yale 20 yaliyochukua muda mrefu zaidi katika dakika 10 zilizopita. Iliyo muhimu zaidi kwako ni ya tatu, `dump_historic_slow_ops`, ambayo huweka kando maombi 20 ya mwisho yaliyozidi sekunde 10. Hayo hayafutwi kwa kupita dakika 10, bali hukaa hadi yasukumwe na mengine mapya au hadi OSD iwashwe upya. Ina maana kwamba, wakati unasoma maneno haya, huenda ushahidi wa mgando wa jana mchana bado umo ndani ya OSD zako, ukingoja mtu wa kuuliza. Ukijibiwa kwamba ufuatiliaji umezimwa, basi kuna aliyegeuza `osd_enable_op_tracker` kuwa `false` kwa kutafuta kasi. Irudishe, kwani kinachookolewa hapo ni kidogo kuliko usingizi unaopotezwa.

Tuliangalie ombi moja kwa karibu. Utakayoyakuta ndani ya matokeo yatafanana na haya, ambayo nimeyapunguza ili yasomeke:

```
age: 27.4
flag_point: waiting for sub ops
10:14:03.218  initiated
10:14:03.219  queued_for_pg
10:14:03.221  reached_pg
10:14:03.221  started
10:14:03.222  waiting for subops from 7,41
10:14:03.226  op_commit
10:14:03.229  sub_op_commit_rec
```

Lisome kama unavyosoma mihuri ya barua iliyopita ofisi nyingi. Ombi liliingia, likapangwa kwenye foleni ya kikundi chake cha data, likafika kikundini baada ya milisekunde 3, likaanza kushughulikiwa, na OSD namba 12, ambayo ndiyo kiongozi wa kikundi hicho, ikazipelekea nakala OSD namba 7 na 41. Mstari wa `op_commit` unasema kwamba namba 12 yenyewe imeshaandika kwenye diski yake, na ilitumia milisekunde 4 tu. Milisekunde 3 baadaye jibu moja la nakala limerudi. Kisha pakawa kimya kwa sekunde 27.

Hapa ndipo wengi huteleza. Onyo la SLOW_OPS, lingekuwapo, lingeitaja namba 12, kwa sababu ndiyo inayolishika ombi mkononi. Lakini namba 12 imeshamaliza sehemu yake. Inayosubiriwa ni namba 7 au 41. Ceph haimjibu mteja kwamba maandiko yamehifadhiwa mpaka OSD zote zilizo katika kundi tendaji la kikundi hicho ziwe zimeandika, kwa hiyo kiongozi mwepesi hukaa akimngoja mfuasi mzito, na lawama zinamwangukia yeye. Ni ipi kati ya hizo mbili? Usitegemee kwamba mstari wa `sub_op_commit_rec` utataja jina la aliyejibu. Nenda ukalifungue daftari la namba 7 na la namba 41, utafute ombi lilelile kwa kitambulisho cha mteja na namba yake. Ile ambayo bado ina ombi hilo njiani ndiyo inayochelewesha.

Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi niliyokuwa nikiitumikia, niliiwasha upya OSD iliyokuwa ikitajwa na onyo mara tatu katika siku moja. Kila mara onyo lilitoweka kwa muda, nami nikaandika katika taarifa kwamba tatizo limetatuliwa. Kumbe nilichokuwa nikifanya ni kuhamisha uongozi wa vikundi kwenda kwa OSD nyingine, ambazo nazo baada ya dakika chache zilianza kumngoja mfuasi yuleyule, na papo hapo nilikuwa nikifuta kumbukumbu za maombi ambazo zingenielekeza kwake, maana zinakaa ndani ya programu inayoendelea na si kwenye diski. Diski mbovu ilikuwa kwenye seva nyingine kabisa, nayo haikutajwa hata mara moja.

Dawa ya kosa hilo ni kuhesabu. Chukua picha ya madaftari yote kila baada ya sekunde 10 au 15, kwa kutumia programu ndogo inayoendeshwa kwenye kila seva na kusoma soketi za OSD zilizo hapo (milango ya ndani ambayo amri ya `ceph daemon` huipitia), na kwa kila ombi lenye umri unaozidi sekunde 1 andika mambo matatu: umri, hatua lililofikia na namba za OSD linazozisubiri. Ukiwa na `jq`, chombo cha kuchambua matokeo ya JSON, kiini cha programu hiyo ni mstari mmoja: `ceph daemon osd.12 dump_ops_in_flight | jq -r '.ops[] | [.age, .type_data.flag_point] | @tsv'`. Baada ya migando miwili au mitatu, panga namba za wanaosubiriwa kwa wingi wa kutajwa. Viongozi wanaolalamika watakuwa wengi na waliotawanyika. Anayesubiriwa, kama tatizo ni diski moja, atajitokeza peke yake kileleni. Usiichukue picha kila sekunde, kwani kumwaga orodha ndefu kunaishughulisha OSD yenyewe wakati ambapo haina nafasi ya kushughulishwa. Na soketi isipojibu kabisa, usilihesabu hilo kuwa kasoro ya programu yako; andika kwamba OSD fulani haikujibu saa fulani, kwa sababu hilo nalo ni jibu.

Pengine utashangaa kwamba diski moja kati ya 144 inaweza kuwasumbua watumiaji wote. Fanya hesabu. Kwa nakala tatu, kila OSD inashiriki katika andiko moja kati ya 48. Mashine pepe haiandiki mahali pamoja; taswira yake ya diski imekatwakatwa katika vipande vya MiB 4, na taswira ya GiB 40 ina vipande 10,240 vilivyotawanyika klasta nzima. Ikiandika mara 50 mahali tofauti, uwezekano wa kwamba angalau andiko moja litaigusa diski mbovu ni kama asilimia 65. Ikiandika mara 200, unazidi asilimia 98. Nayo programu ya hifadhidata iliyo ndani ya mashine hiyo haiwezi kusonga mbele hadi andiko lake la kumbukumbu likubaliwe. Mtawanyiko uleule unaoipa Ceph nguvu ndio unaohakikisha kwamba hakuna mashine itakayoikwepa diski hiyo kwa muda mrefu.

Si kila mgando unatokana na mfuasi, na hatua iliyoandikwa kwenye `flag_point`, pamoja na tukio la mwisho katika orodha ya matukio ya ombi, ndiyo inayotofautisha. Maombi yakirundikana katika hatua ya kupangwa foleni, kabla ya `reached_pg`, basi OSD hiyo yenyewe imezidiwa, ama na diski yake ama na kichakataji cha seva. Yakisubiri kitu kilichopungukiwa nakala, kuna ukarabati unaoendelea, na huenda umeupa kasi kupita kiasi. Yakisubiri kikundi kiwe tendaji, tatizo ni kubwa kuliko ucheleweshaji, na utakuwa umeshaliona kwenye afya ya klasta.

Hatua moja inastahili maneno zaidi: `waiting for rw locks`. Hiyo humaanisha kwamba maombi mengi yanagombea kitu kimoja, na hapo diski inaweza kuwa nzima kabisa. Ukiyatazama maelezo ya maombi hayo utaona jina la kitu lilelile likijirudia. Katika hifadhi zinazotoa huduma ya S3, ambapo mafaili huwekwa katika vyombo viitwavyo ndoo, mara nyingi kitu hicho ni faharasa ya ndoo iliyojazwa kuliko ilivyogawanywa. Kiwango cha kawaida cha Ceph ni vitu 100,000 kwa kila kigawe cha faharasa, na nimekuta ndoo za nakala rudufu ambazo mwenyewe alikuwa akizimiminia mafaili kwa miaka bila kuzigawa upya. Kubadilisha diski hapo ni kupoteza fedha.

Lipo pia daftari la upande wa pili, ambalo wasimamizi huwa hawalifungui. Mteja anayetumia maktaba ya Ceph, kama mashine pepe au lango la S3, anaweza kupewa soketi yake, na amri ya `objecter_requests` kwenye soketi hiyo hukuonyesha maombi aliyoyatuma ambayo hajajibiwa, pamoja na OSD aliyoipelekea. Kwa wanaotumia kerneli ya Linux moja kwa moja, orodha hiyohiyo iko katika faili la `osdc` chini ya `/sys/kernel/debug/ceph`. Thamani yake inaonekana unapolinganisha pande mbili. Mteja akisema amelituma ombi kwa namba 41 tangu sekunde 20 zilizopita, na namba 41 ikionyesha kwamba inalo, tatizo liko ndani ya hifadhi. Namba 41 ikisema haina habari nalo, basi ombi liko njiani kwa maana halisi ya neno hilo: kwenye kadi ya mtandao, kwenye kebo au kwenye swichi.

Ugonjwa wa mtandao ulio mgumu kuugundua ni ule wa ukubwa wa pakiti. Seva zimewekewa pakiti za baiti 9,000, lakini mlango mmoja wa swichi umebaki na 1,500. Ujumbe mfupi unapita vizuri na kila kitu kinaonekana kuwa hai, huku maandiko makubwa yakipotelea hapo. Matoleo ya sasa ya Ceph huujaza ujumbe wa mapigo ya moyo, ambao OSD hutumiana ili kujua kama wenzake wako hai, hadi baiti 2,000 ili kuunasa ugonjwa huu mapema, lakini mapigo hayo ni kati ya OSD na OSD. Njia ya kutoka kwa mteja haipimwi nayo. Ipime mwenyewe kwa `ping -M do -s 8972` kutoka kwenye seva ya mashine pepe kwenda kwenye kila seva ya hifadhi. Namba hiyo ni 9,000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya pakiti.

Nirudi kwenye idadi ya maombi, ambayo niliiweka kando. Ina kazi yake. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo kila anayevuka kwenda Kigamboni anaijua kwa miguu yake: idadi ya watu waliomo kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuwasili kwao ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja anakaa. Maombi 6,000 kwa sekunde, kila moja likikaa milisekunde 8, yanakupa maombi 48 njiani kwa wakati wowote. Ukiona 960 huku kasi ikiwa bado 6,000, kila ombi sasa linakaa milisekunde 160. Ukiona 960 huku kasi imeanguka hadi 1,500, ni milisekunde 640. Kwa hiyo idadi peke yake haisemi lolote, kwa kuwa yaliyo njiani yanaweza kuongezeka kwa sababu ya wateja wengi au kwa sababu ya kivuko kibovu. Chora idadi na kasi katika grafu moja. Idadi inayopanda pamoja na kasi ni biashara nzuri. Idadi inayopanda huku kasi ikishuka ndiyo ya kuwekewa tahadhari. Katika vihesabu vya OSD, idadi hiyo inaitwa `op_wip`, na huna haja ya kuyamwaga madaftari ili kuipata. Tahadhari tu kwamba kanuni hii ni ya hali iliyotulia, na katikati ya mgando wenyewe hali haijatulia.

Sasa nirudi kwenye dalili zako, kwa sababu ile nusu dakika inanifanya nishuku jambo mahususi. Kerneli ya Linux inapoituma amri kwa diski ya SCSI au SATA, huingoja kwa muda uliowekwa katika `/sys/block/sda/device/timeout`, na muda huo kwa kawaida ni sekunde 30. Diski isipojibu, kerneli huikatiza amri, huiwasha upya njia ya diski, hurudia amri, na mambo huendelea. Diski inayougua, hasa ya bei nafuu ambayo hujaribu kusoma sehemu mbaya tena na tena bila kukubali kwamba imeshindwa, hutoa mgando wa urefu huohuo hasa.

Utauliza kwa nini Ceph haiiondoi diski kama hiyo yenyewe. Angalia namba. Uzi wa kazi wa OSD ukikwama huhesabiwa kuwa mgonjwa baada ya sekunde 15, na hapo ndipo OSD huacha kuyajibu mapigo ya moyo. Wenzake humvumilia kwa sekunde 20 zaidi kabla ya kumshtaki kwa monita, yaani programu zinazoitunza ramani ya klasta. Jumla ni sekunde 35, na diski yako huzinduka katika ya 30. Inaponea kwa sekunde 5. Tena, katika BlueStore, ambayo imekuwa muundo wa kawaida wa OSD kuhifadhi data kwenye diski tangu toleo la Luminous la mwaka 2017, data ya kuandikwa hukabidhiwa kwa diski bila uzi wa kazi kukaa ukiingoja, kwa hiyo kama kilichokwama ni kuandika tu, OSD inaweza kuendelea kuyajibu mapigo kwa adabu zote huku haijaandika chochote.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma `dump_historic_slow_ops` katika OSD zote 144, kusanya namba za wanaosubiriwa, na ukishapata namba inayojirudia, tuseme 41, nenda kwenye seva yake. Katika `iostat -x 2` tazama safu ya `w_await` ya diski hiyo ukiilinganisha na jirani zake. Diski za aina moja zilizo katika seva moja zinapaswa kufanana, na ile iliyo mara kumi ya wenzake haihitaji hakimu. Katika `smartctl` tazama idadi ya sehemu zinazosubiri kuhamishwa. Usidanganywe na neno la jumla kwamba diski imefaulu kipimo, kwa sababu diski nyingi hufaulu hadi siku yao ya mwisho.

Ukishathibitisha, ningekushauri usianze kwa kuiweka nje kwa `ceph osd out`. Amri hiyo huanzisha uhamishaji wa data huku OSD ikiwa bado hai, na diski inayougua itatwikwa mzigo wa kusomwa. Uliza kwanza `ceph osd ok-to-stop 41`, ili ujue kwamba hakuna kikundi kitakachobaki chini ya nakala kinazohitaji, kisha uisimamishe. Ikiwa kiwango chako cha chini ni nakala mbili, maandiko yataendelea katika nakala mbili zilizobaki, na watumiaji watapata nafuu papo hapo. Baada ya dakika 10 klasta yenyewe itaitoa nje na kuanza kuijenga nakala ya tatu kwingineko. Kupunguza uongozi wa OSD hiyo kwa `primary-affinity` kutasaidia usomaji tu, kwa kuwa maandiko bado yatapitia kwake akiwa mfuasi.

Na kabla ya kuyafanya yote hayo, pitia seva zote 12 kwa `dmesg -T`, utafute amri zilizokatizwa na njia za diski zilizowashwa upya, uzilinganishe na saa ambazo watumiaji walilalamika. Hakikisha kwanza kwamba saa za seva zinakubaliana, maana sekunde chache za tofauti zitakufanya uiache diski yenyewe na kuishuku jirani yake. Saa zikilingana, jina la diski litakuwa limeandikwa hapo, na `ceph-volume lvm list` kwenye seva hiyo itakuambia ni ya OSD namba ngapi.